Jalada la Kiwanda Mikononi mwa Mkaguzi

Ukifika mapokezi ya kiwanda kikubwa, kabla hujamaliza kusaini kitabu cha wageni, macho yako yatakuwa yameshakiona. Kiko ukutani kwenye fremu ya kioo, jirani na picha ya Rais: cheti cha ISO 14001. Utaletewa maji ya chupa, utaambiwa meneja yuko kwenye kikao kifupi, na hapo utakuwa umepata dakika kumi za bure. Simama ukisome. Wakaguzi wengi hukipitishia macho kama kalenda ya benki, kumbe ndiyo karatasi ya kwanza ya kazi iliyowaleta.

Mwongozo huu ni wako wewe afisa mazingira, uwe wa halmashauri, wa kaunti, wa bonde la maji au wa mamlaka ya taifa. Una viwanda vingi, gari moja, na mafuta yasiyofika mwisho wa mwezi. Kiwanda kwa upande wake kina watu wanaopima kila zamu, kina madaftari, kina vikao, kina wakaguzi wake wa ndani. Rekodi hizo ofisi yako haitaweza kuzikusanya hata bajeti ikiongezwa mara tatu. Kwa hiyo serikali nyingi duniani zimeona heri ziutumie mfumo wa kiwanda wenyewe kama chombo cha kusimamia sheria. Inawezekana. Ila nimeona ikifanywa vizuri na nimeona ikifanywa vibaya, na tofauti yake naweza kuieleza hivi: mfumo wa kiwanda mchukulie kama shahidi. Shahidi huhojiwa, maneno yake hulinganishwa na ya wengine, na akisema kweli hulindwa. Kiti cha hakimu hapewi.

Kile cheti kinasema nini

ISO 14001 ilitoka mara ya kwanza mwaka 1996, ikarekebishwa 2004 na tena 2015. Inamtaka mwenye kiwanda ajue shughuli zake zinagusa vipi hewa, maji na ardhi, aorodheshe sheria zinazomhusu, ajiwekee malengo, afundishe wafanyakazi, apime, ajikague, na wakubwa wakae chini kuyatazama matokeo. Mambo mazuri yote. Lakini pekua ukurasa hadi ukurasa, hutakuta mahali panaposema maji yanayotoka yawe safi kiasi gani. Viwanda viwili vya aina moja vinaweza kuwa na cheti kilekile huku kimoja kikitoa maji ya kufugia samaki na kingine maji ya kuulia samaki, ilimradi vyote viwili vinafuata taratibu na vinaahidi kutii sheria.

Kiwango kinatoka kwenye sheria ya nchi. Kenya na Tanzania zote zimeweka kwamba BOD, yaani oksijeni inayoliwa na vijidudu vinapoozesha uchafu ndani ya maji, isizidi miligramu 30 kwa lita katika majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira. Namba hiyo iko nje ya mfumo wa kiwanda, na lazima ibaki nje. Siku mtakapoanza kubishana kama kiwanda "kina mfumo mzuri" badala ya kama maji yamepita 30, ujue umeshahamishwa uwanja.

Sasa rudi kwenye fremu. Tazama nani ametoa cheti, maana shirika la ISO lenyewe halimpi mtu cheti. Vyeti hutolewa na kampuni na taasisi za uthibitishaji, nazo zinatakiwa ziwe zimeidhinishwa na chombo cha ithibati, kwa Kenya KENAS. Tazama tarehe: cheti hudumu miaka mitatu, na katikati yake wakaguzi wanatakiwa warudi kila mwaka. Halafu soma wigo, ule mstari wa maandishi madogo unaosema cheti kinahusu shughuli gani na eneo gani. Wenye haraka huuruka. "Uzalishaji na ufungaji" unaweza kuwa ndani, na bwawa la majitaka lililoko ng'ambo ya barabara likawa nje. Kumbuka pia kwamba yule aliyekagua mpaka cheti kikatoka alilipwa na mwenye kiwanda. Simwiti mwongo. Nasema tu hakutumwa na wewe.

Mlango ambao sheria imekupa

Huhitaji sheria mpya ili uyaombe madaftari. Kenya, tangu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 na kanuni zake za 2003, mwenye mradi anatakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha ripoti kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, kila mwaka. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pamoja na Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Ukaguzi za 2005, na cheti cha tathmini hutoka na mpango wa usimamizi ulioandikwa na mwekezaji mwenyewe. Huo mpango ndio mfumo wa usimamizi kwa jina jingine. Tatizo letu la zamani ni kwamba mpango huandikwa na mshauri, hupigwa muhuri, kisha hulala kabatini hadi panya wausome. Uamshe. Nenda kiwandani ukiwa na nakala yake, na kila ahadi iliyomo iulizie rekodi.

Karatasi za kuomba

Usiombe "nyaraka zote za mazingira". Utaletewa majalada kumi na mawili yenye sera, dira na picha za upandaji miti, na siku itaisha. Omba vitu vinne, na uviombe kwa namba za vifungu ili wajue umekisoma kiwango chao.

Kwanza orodha ya sheria zinazowahusu (kifungu 6.1.3) pamoja na tathmini ya jinsi wanavyozitekeleza (9.1.2). Angalia kama leseni uliyowapa wewe imo, na masharti yake yameandikwa moja moja. Nimekuta orodha zenye mikataba ya kimataifa ambayo kiwanda hakihusiki nayo, na kibali cha kutiririsha majitaka hakimo.

Pili kumbukumbu za kasoro na marekebisho (10.2). Hapa kaa. Hapa ndipo palipo na nyama. Afisa mgeni akiona kumbukumbu hazina kasoro hufurahi. Mzoefu huvua miwani. Kiwanda chenye pampu, mabomba, kemikali na binadamu hakiwezi kumaliza mwaka bila kumwaga kitu, kuzidisha kitu au kusahau kitu. Daftari lenye kasoro ishirini, kila moja na tarehe, chanzo, aliyeshughulikia na siku ilipofungwa, ni la kiwanda kinachojitazama. Daftari tupu ni la kiwanda kinachojificha, au kisichojua kinachoendelea kwake, na sijui lipi ni baya zaidi. Angalia pia kasoro ileile inayorudi kila baada ya miezi mitatu na dawa ileile, "wafanyakazi wamekumbushwa". Bomba lililotoboka halizibwi kwa kukumbushana.

Tatu muhtasari wa mapitio ya menejimenti (9.3). Wengi hawauombi kwa sababu unaonekana ni mambo ya ndani ya wakubwa. Ndiyo maana uuombe. Humo utaona nani aliomba fedha za nini na akajibiwa nini. Ikiwa fundi aliomba kifaa mwezi wa tatu na kikao kikaandika "bajeti ijayo", umepata jibu la swali linalosumbua kila kesi ya uchafuzi: wakubwa walijua?

Nne rekodi ghafi za vipimo. Lile jedwali lenye rangi walilolichapa kwa ajili yako liache mezani. Ulizia daftari lenyewe la zamu.

Namba ya 7.2

Niliwahi kushika daftari la pH la kiwanda kimoja cha ngozi. Asubuhi na jioni, miezi mitatu mfululizo: 7.2, 7.2, 7.1, 7.2. Mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna ukurasa wenye doa. Anayejua ngozi anajua kwamba chokaa ya kutolea manyoya hupandisha maji mpaka pH 12, na bafu ya asidi kabla ya kutia kromu huyashusha hadi 3. Yakikutana bwawani hutulia, kweli, ila hayatulii kama maji ya mtungini. Isitoshe, daftari linaloishi kando ya bwawa huwa na hali ya bwawa: kurasa zimevimba kwa unyevu, namba zimekatwa na kuandikwa upya, pembeni mtu ameandika "umeme ulikatika saa tisa". Lile lilinukia stoo ya vifaa vya ofisi.

Nikaomba tushuke kwenye mtambo. Mzee aliyekuwa zamu alikuwa akifunga koki kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia miguu hapo, panateleza."

Nikamwuliza wanapimaje pH. Akajifuta mikono kwenye suruali, akafungua kabati, akatoa kisanduku. Ncha ya kile kipimo ilikuwa imekauka na kupasuka, na ncha ikishakauka hivyo haina inachosoma.

"Tangu kabla ya Ramadhani," akasema, bila kumtazama meneja aliyesimama nyuma yangu. "Karatasi ya kuomba kingine niliandika. Nakala ninayo."

Alikuwa nayo, imekunjwa mara nne. Ramadhani yenyewe ilikuwa imepita miezi miwili.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu watu hukisikia wakasema, basi unaona, mifumo hii ni uongo mtupu. Mimi nakiona kinyume. Daftari la pH lilidanganya, lakini ombi la manunuzi lilisema kweli, na yote mawili yalikuwa sehemu ya mfumo mmoja. Bila ule utaratibu wa kuandika maombi, ningeondoka na shaka tu. Kwa hiyo jifunze kuuhoji mfumo kwa mfumo wenyewe. Na jambo moja zaidi: kwenye ripoti usimtaje yule mzee. Andika kuwa umeona ombi namba fulani la tarehe fulani kwenye jalada la manunuzi, na hakikisha kweli umelifuata huko ukaliona. Mtu aliyekuambia kweli akifukuzwa wiki inayofuata, kiwanda kizima kitafunga mdomo kwa miaka.

Mashahidi wasiopangwa

Kuna karatasi ambazo kiwanda hakiziandiki kwa ajili yako, na ndizo nzuri zaidi. Bili ya maji na mita ya kisima zitakuambia kiasi gani kimeingia. Kiwanda cha ngozi kisichobana matumizi huweza kumeza mita za ujazo 30 za maji kwa tani moja ya ngozi mbichi. Kama kimeingia kingi hivyo na rekodi za kutoka zinaonyesha theluthi yake, hayo mengine yamekwenda wapi? Yanayokauka kwa jua hayafiki huko. Tafuta bomba la pili.

Leja ya stoo itakuambia kama kemikali za kutibu maji zilinunuliwa na zikatoka. Bili ya umeme itakuambia kama mashine za kupulizia hewa ziliwashwa usiku au huwashwa wageni wakija. Halafu uliza habari ya tope. Mtambo wa kusafisha majitaka unaofanya kazi hutoa tope, halikwepeki. Waulize la mwezi uliopita lilikwenda dampo gani, kwa gari la nani, risiti iko wapi. Wakikuambia halijawahi kutoka, umeshajua mtambo wao unasafisha nini.

Na bado upime mwenyewe. Beba kipimo chako cha pH kilichosawazishwa asubuhi hiyo, chupa safi na kasha la barafu. Kila sampuli igawe sehemu mbili, moja ubaki nayo, moja uwaachie, mkisaini wote karatasi ya makabidhiano. BOD huchukua siku tano maabara, kwa hiyo ukichukua sampuli hakikisha itafika maabara siku hiyohiyo. Iliyolala kwenye gari ni mali ya wakili wao.

Kiwanda kikijisema chenyewe

Hapa pana mtego, na usipoufikiria mapema utauharibu mfumo kwa mkono wako. Ukichukua kasoro ambayo kiwanda kimejiandikia kwa uaminifu ukaigeuza faini siku hiyohiyo, mwakani utakuta daftari tupu. Ukisamehe kila kitu kwa sababu "wamejisema", umeuza sheria.

Marekani walilihangaikia jambo hili tangu miaka ya themanini, na utaratibu wa shirika lao la mazingira, EPA, uliotolewa 1995 na kurekebishwa 2000, unafaa kuigwa kwa mawazo hata kama si kwa maneno. Kampuni ikigundua kosa kupitia ukaguzi wake wa ndani au mfumo wake, ikalitoa ndani ya siku 21, ikalirekebisha kwa kawaida ndani ya siku 60, basi ile sehemu ya adhabu inayotokana na uzito wa kosa inaweza kufutwa yote. Lakini faida iliyopatikana kwa kutotii, mathalani fedha zilizookolewa kwa kutonunua mtambo, serikali bado inaweza kuidai. Makosa ya kurudia hayamo, wala yaliyoleta madhara makubwa, wala yale ambayo serikali ilishayagundua yenyewe.

Soma mantiki yake. Msamaha una saa inayokimbia, una mipaka, na haumwachi mtu na faida ya uovu. Kabla hujawaahidi watu chochote kinachofanana na hicho, kaa na mwanasheria wa ofisi yako, kiandikwe, kiwe kwa viwanda vyote. Ahadi ya mdomo kwenye maegesho ya magari ndiyo mama wa rushwa.

Kuandika sharti lenye meno

Leseni nyingi husema: "Mwenye leseni atakuwa na mfumo wa usimamizi wa mazingira." Sentensi hiyo haikamatiki. Mtu atanunua majalada, atatundika sera, na atakuwa ametii. Andika kitu ambacho mlinzi wa getini angeweza kusema kimefanyika au hakijafanyika. Mfano:

"Mwenye leseni atapima mtiririko na pH kwa kifaa kinachojirekodi chenyewe kwenye tundu la mwisho la kutokea maji, na BOD na COD (oksijeni inayotumika uchafu ukivunjwa kwa kemikali) mara moja kila mwezi katika maabara iliyoidhinishwa. Matokeo yote, yakiwemo yaliyozidi kiwango, yatafika kwa mamlaka kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata yakiwa na saini ya Mkurugenzi Mtendaji. Kifaa kikiharibika, mamlaka itajulishwa ndani ya saa 24."

Kwa nini Mkurugenzi Mtendaji, na si afisa mazingira wa kiwanda? Kwa sababu huyo afisa ni kijana aliyemaliza chuo juzi, anaijua kemia lakini hana hata ufunguo wa kasha la fedha. Saini ikitakiwa juu, swali la pampu nalo litapanda juu. Na maneno "tundu la mwisho" usiyaache. Ukiyaacha utapimiwa maji yakiwa katikati ya mtambo, yamependeza, kabla hayajakutana na bomba la jikoni.

Usidhani karatasi zilizopangika zitakukinga wewe. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wananchi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo, zikabebeshwa sehemu ya mzigo. Baada ya Mahakama ya Rufani kuitengua kwa sehemu, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Weka nakala yake mezani kwako.

Mfumo kama adhabu: kisa cha meli

Mara nyingine mfumo hauombwi, huamriwa baada ya kosa. Kisa kinachofundisha kuliko vyote ninavyovijua ni cha meli ya kitalii Caribbean Princess. Agosti 2013, ikiwa karibu na pwani ya Uingereza, mafundi wake walimwaga baharini maji yenye mafuta kupitia bomba la pembeni, lile mabaharia wanaloliita bomba la uchawi. Wakati huohuo walipitisha maji safi ya bahari kwenye mtambo halali ili kompyuta irekodi kana kwamba kila kitu ni sawa. Ni ile 7.2 ya kiwanda cha ngozi, ila imeandikwa na mashine. Aliyeifichua ni mhandisi mgeni melini, aliyeshuka bandarini akaenda kuziarifu mamlaka za Uingereza.

Kampuni ya Princess ilikiri makosa mwaka 2016, ikatozwa dola milioni 40, na kwa miaka mitano kampuni za Carnival, kundi linaloimiliki Princess, zikawekwa chini ya uangalizi wa mahakama ya Miami. Zilitakiwa kufuata mpango maalumu wa utii wa mazingira, kukiwa na mkaguzi wa nje na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Yaani jaji aliuchukua mfumo wa kampuni akaugeuza amri.

Ulifanya kazi? Nusu. Mwaka 2019 kampuni ilikiri kuvunja masharti, ikalipa dola milioni 20 nyingine. Miongoni mwa makosa: ilikuwa ikituma timu zake melini kabla ya ukaguzi, kutengeneza kasoro zisikutwe. Mwaka 2022 Princess ilitozwa milioni moja zaidi, safari hii kwa kutoweka kitengo cha uchunguzi wa ndani kilicho huru. Wapo wanaosoma kisa hiki kama kushindwa kwa mfumo. Mimi nauliza: makosa hayo ya pili yalijulikanaje? Yalijulikana kwa sababu palikuwa na macho ya mtu wa nje, anayelipiwa na kampuni lakini anayeripoti mahakamani, na nyuma yake jaji aliyetishia kuzizuia meli zisitie nanga Marekani. Toa hayo mawili, utabaki na majalada.

Kwa hiyo ukiandika makubaliano na kiwanda kilichokosa, dai mkaguzi wa nje mnayemkubali nyote, ripoti yake ije kwako siku ileile inayokwenda kwao, na ratiba ya ziara zake isitangazwe. Na uchunguzi wa ndani usiwe chini ya meneja wa uzalishaji, maana huyo ndiye mara nyingi anayechunguzwa.

Zawadi

Watu watakuomba: mwenye cheti akaguliwe mara chache. Tahadhari. EPA ilijaribu hilo mwaka 2000 kwa mpango wa Performance Track. Aliyekuwa na mfumo, rekodi safi na ahadi za kufanya zaidi ya sheria alipunguziwa ukaguzi wa kawaida na baadhi ya taarifa, na wanachama wakapita 500. Mwaka 2007 mkaguzi wa ndani wa EPA aliukosoa, akionyesha kuwa wanachama wengi aliowachunguza hawakuwa wametimiza ahadi zao zote, na 2009 mpango ukafungwa. Ulikuwa umegawa karamu kabla ya mchele kuiva.

Ujerumani walikuwa waangalifu zaidi. Kanuni yao ya 2002 iliwapunguzia taarifa na baadhi ya vipimo wale waliosajiliwa EMAS, mfumo wa Umoja wa Ulaya uliotungwa 1993. EMAS ina kitu ambacho ISO 14001 haina: kiwanda lazima kitangaze kwa umma taarifa ya mazingira yenye takwimu zilizohakikiwa, na kikivunja sheria kinaweza kuondolewa kwenye sajili. Jirani anasoma, mwandishi wa habari anasoma, mvuvi aliyeko chini ya mto anaweza kuja kusema namba hizi sizo. Ukitaka kutoa zawadi, idai bei hiyo kwanza: takwimu zibandikwe getini na ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kila robo mwaka. Zawadi yenyewe iwe ya makaratasi, mfano taarifa mbili ziunganishwe kuwa moja. Ziara za kushtukiza usiziuze kwa bei yoyote.

Wadogo

Mwenye karakana ya kupaka rangi vyuma, mwenye machinjio ya mtaa au dobi wa jinzi usimdai ISO. Gharama ya kuthibitishwa itamla mtaji na bwawa libaki vilevile. Mpe karatasi moja ya kubandika ukutani: nini kinatoka, kinakwenda wapi, nani anaangalia kila siku, kikimwagika tunafanya nini, simu ya ofisi yenu. Akiijaza kwa mkono wake mwezi mzima, mistari ikiwa imepinda na siku mbili zimerukwa kwa sababu aliumwa, huo ni mfumo.

Siku ya kurudi

Kabla hujaondoka, andika kasoro ulizoona kwenye daftari lao la kasoro, si kwenye ripoti yako peke yake. Ziingie kwenye mfumo wao kwa mwandiko wako, zipewe namba na mtu wa kuzishughulikia. Piga picha ukurasa huo.

Kisha chagua tarehe ya kurudi bila kumwambia mtu, hata dereva. Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ni siku nzuri, kwani wasio na uvumilivu huyafungulia mabwawa wakitegemea mto utafunika. Usiku wa kuamkia sikukuu nao ni mzuri. Usianzie mapokezi. Zunguka kwa nyuma, shuka hadi mahali maji ya kiwanda yanapokutana na mto, jaza chupa yako, andika saa. Ndipo uende getini, usaini kitabu cha wageni, na uombe lile daftari, ukurasa ule.